Lutu Alichagua Bonde

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Masomo: Mwanzo 13 na 1 Timotheo 6:6–19

 Popote ulipo asubuhi hii, ikiwa u jikoni unachochea moto, au u njiani kwenda shambani, au umefungua duka na kumngoja mteja wa kwanza, nakuomba unipe dakika chache. Nataka tuzungumze juu ya fedha na tamaa ya kuwa nayo. Najua kwamba mhubiri akitaja fedha, wengi hudhani ataomba sadaka. Leo siombi sadaka. Leo nataka tuulizane swali moja: nitajuaje kama mimi ni mtu apendaye fedha?

Nazungumza nawe kama mchungaji wa huku Garsen, Kaunti ya Tana River. Kwa wewe usiyepajua, Garsen ni mji mdogo kando ya barabara itokayo Malindi kuelekea Lamu na Garissa. Karibu nasi wapita Mto Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya. Huanzia kwenye milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, hupita Garissa na Hola, hufika kwetu, kisha huenda kumwaga maji yake baharini huko Kipini. Mto huu ndio hazina yetu. Ukifurika kwa kiasi, huacha tope lenye rutuba, na mkulima hupanda mpunga, mahindi na ndizi. Maji yakishuka, nyasi huota, na mfugaji huleta ng'ombe wake. Kiangazi kikiwa kikali, mifugo huja kutoka mbali, hata kutoka pande za Garissa na Wajir, kwa sababu huku kwetu bado kuna maji na majani.

Basi ukitaka kujua mali ni nini huku kwetu, usiulize benki kwanza. Kwa Mpokomo, tazama shamba lililo ukingoni mwa mto. Kwa Muorma na Mwardei, tazama ng'ombe. Nasema haya mapema, kwa sababu kupenda fedha si ugonjwa wa wenye noti nyingi peke yao. Mtu aweza kukosa hata shilingi 100 mfukoni, na huku moyo wake umefungwa kamba na migomba yake au ng'ombe wake.

Hebu tuanze na Mtume Paulo. Wengi wetu husema Biblia yafundisha kwamba fedha ndiyo mzizi wa maovu. Sivyo. Ukisoma barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 6, utaona kwamba Paulo hakuilaumu fedha. Fedha ni kitu tu. Hununua dawa, hulipa karo ya mtoto, huezeka nyumba ya mjane. Alichokilaumu Paulo ni kuipenda. Na neno alilolitumia kwa Kiyunani ni filarguria. Neno hilo limeundwa kwa maneno mawili: moja lahusu urafiki na upendo, na la pili lina maana ya fedha. Yaani ni mtu aliyeifanya fedha kuwa rafiki yake.

Hapo pana jambo la kufikiri. Moyo wa mtu haukosi rafiki. Ukiifanya fedha kuwa rafiki, yule aliyekuwa rafiki zamani lazima asogee kando. Ndiyo maana nasema kwamba kupenda fedha hakujulikani kwa kuhesabu shilingi zilizo mfukoni mwa mtu. Hujulikana kwa kumtazama jirani yake. Je, jirani huyo bado ni ndugu? Au amegeuka kuwa kizuizi, au ngazi ya kupandia?

Liko neno jingine ambalo Paulo alilitumia katika barua kwa Wakolosai, sura ya 3, mstari wa 5. Kwa Kiyunani ni pleoneksia, yaani hali ya kutaka kuwa na zaidi na zaidi. Paulo aliihesabu hali hiyo kuwa ni kuabudu sanamu. Kwa nini sanamu? Kwa sababu mtu wa namna hiyo huishi kwa ajili ya kitu kisichoweza kumpenda. Hukitolea dhabihu, na mara nyingi dhabihu yenyewe ni jirani.

Sasa tufungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 13. Nafikiri hakuna sura ya Biblia inayowafaa watu wa Mto Tana kuliko hiyo. Abramu ametoka Misri, naye ni tajiri. Ana mifugo, ana fedha, ana dhahabu. Zingatia hapo: Biblia haioni haya kusema kwamba rafiki wa Mungu alikuwa tajiri. Lutu, mwana wa ndugu yake, naye ana kondoo na ng'ombe na hema. Mali yao ikawa nyingi, hata nchi haikuwatosha kukaa pamoja. Wachungaji wa mifugo ya Abramu wakagombana na wachungaji wa mifugo ya Lutu. Umeona? Walipokuwa na vitu vichache walikaa pamoja. Vitu vilipoongezeka, ugomvi ukaingia.

Na Mwandishi wa Mwanzo aongeza jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita. Asema kwamba wakati ule Wakanaani na Waperizi walikuwa wakikaa katika nchi ile. Yaani watu wa Mungu waligombana mbele ya macho ya majirani. Ushuhuda wa Abramu ulikuwa hatarini kwa sababu ya majani na maji.

Abramu alifanya nini? Yeye ndiye mkubwa. Kwa desturi yao, na kwa desturi yetu pia, mjomba na baba mkubwa huchagua kwanza, na kijana hupokea kinachobaki. Lakini Abramu akamwambia Lutu achague yeye: akienda kushoto, Abramu atakwenda kulia. Lutu akainua macho, akaliona Bonde la Yordani lilivyojaa maji, zuri kama bustani. Akalichagua lote. Hatusomi kwamba alimuuliza mzee wake, "Na wewe, baba, mifugo yako itakunywa wapi?" Macho yake yaliona maji na majani. Hayakumwona Abramu.

Ndugu yangu, hiyo ndiyo tamaa ya mali. Lutu hakuiba. Hakusema uongo. Hakumpiga mtu. Alichukua alichopewa ruhusa kuchukua. Hata hakimu asingempata na hatia. Lakini alikwisha kumpoteza Abramu moyoni kabla hajaondoka na mifugo yake.

Huku kwetu, mto una njia zake ambazo mifugo hupitia kwenda kunywa maji. Twaziita malka. Wazee waliziacha wazi tangu zamani, ili mkulima alime pande zote mbili na ng'ombe wapite katikati. Mkulima alipata maziwa, mfugaji alipata mahindi na ndizi. Palipotokea neno, wazee wa Gasa wa Wapokomo walikaa na wazee wa Waorma, wakalimaliza. Sisemi hapakuwa na ugomvi siku zile. Ulikuwapo. Lakini kila upande ulijua kwamba upande wa pili nao lazima uishi.

Sote twajua yaliyotupata baadaye. Tarehe 22 Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa asubuhi moja, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi Septemba yakafuata Chamwanamuma na Kilelengwani, na mwezi Desemba ikafuata Kipao. Hesabu ya waliokufa ilipita 100. Sababu zilikuwa nyingi. Uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa unakaribia, silaha zilikuwamo mikononi mwa watu, na manung'uniko ya miaka mingi hayakuwa yamesikizwa. Mimi si hakimu wa mambo hayo. Lakini mchungaji hawezi kukaa kimya juu ya kile kilichokuwa chini ya yote. Kila mmoja alikuwa ameinua macho yake akaliona bonde, na hakumwona tena mtu aliyemo ndani yake.

Wala macho ya namna hiyo si ya wanavijiji peke yao. Mwaka 2008 uliidhinishwa mpango wa kulima miwa katika Delta ya Tana, hekta zipatazo 20,000. Wenyeji walikwenda mahakamani. Februari 2013 Mahakama Kuu, huko Nairobi, iliamua kwamba lazima ifanywe mipango ya matumizi ya ardhi ya Delta, na wenyeji washirikishwe. Sisemi kwamba kiwanda ni dhambi. Vijana wetu wanahitaji kazi. Nasema kwamba mtu anaweza kukaa mbali sana, akatandaza ramani mezani, akaona maji na udongo mzuri, na asione malka, wala makaburi, wala mama anayepanda mpunga. Mwenye nguvu na mnyonge wote waweza kuwa na macho ya Lutu. Tofauti ni kwamba mwenye nguvu huona mbali zaidi.

Sasa nikueleze habari ya mzee mmoja wa kanisa. Sitataja kijiji chake. Shamba lake lilipakana na malka. Mwaka mmoja bei ya ndizi ilikuwa nzuri, naye akapanda migomba michache kuvuka mpaka. Hatua mbili tu. Msimu uliofuata, hatua mbili nyingine. Hakuna aliyesema neno. Jirani zake walipoona, nao wakasogea. Baada ya miaka michache ile njia ya ng'ombe ilikuwa nyembamba kama njia ya kwenda kisimani. Kiangazi kilipoingia, ng'ombe wakapita kwa nguvu, wakaivunja ile migomba. Mzee akakasirika sana. Akaja kwangu kutaka barua ya kupeleka kwa chifu, ili alipwe fidia.

Nilimuuliza, "Mzee wangu, ng'ombe walikula migomba iliyo upande gani wa mpaka?" Alinyamaza. Akanywa chai yake yote bila kusema neno. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitazamia. Alisema kwamba mwenye ng'ombe wale ni mtu ambaye baba yake alikuwa akileta maziwa nyumbani kwa mama yake. "Tulikua pamoja," akasema. "Na miaka hii yote nilipokuwa nasogeza ua, sikumfikiria hata siku moja."

Hakuchukua barua. Jumamosi alikwenda na wanawe, wakang'oa migomba 17 na kurudisha ua mahali pake pa zamani. Kisha akaenda kumwambia jirani yake. Ungetazamia kwamba walikumbatiana na kulia. Haikuwa hivyo. Yule Muorma alimsikiliza, halafu akauliza tu, "Na wenzako je?" Lilikuwa swali la haki. Mzee akalipeleka kwa wazee wa Gasa. Wengine walirudisha ua, wengine mpaka leo hawajarudisha. Lakini tangu siku ile watu hao wawili husalimiana kwa majina, na kiangazi kikija huketi pamoja kabla ya ng'ombe kupita.

Na isidhaniwe kwamba nawalaumu wakulima peke yao. Wako pia wenye ng'ombe wengi wanaokaa mjini, ambao huajiri vijana wadogo kuchunga, na hawaulizi ng'ombe wamelala katika shamba la nani. Wako walioshikilia kundi zima wakati wa ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, wasitake kuuza hata mmoja mapema, na mwisho wakabaki na ngozi. Katika Luka sura ya 12 Bwana Yesu alisimulia habari za tajiri aliyejenga ghala kubwa zaidi. Ukisoma utaona kwamba mtu yule huzungumza na nafsi yake tu. Mazao yangu, ghala zangu, nafsi yangu. Katika habari ile yote hakuna jirani hata mmoja.

Labda wewe msikilizaji huna shamba wala ng'ombe. Una simu. Basi tuzungumze juu ya simu.

Siku hizi kijana aweza kukopa fedha usiku wa manane bila kumwona mtu, na kabla ya alfajiri akawa ameipoteza yote katika kamari ya mpira, ile ambayo vijana huiita kubeti. Nimeketi na wazazi waliouza mbuzi kulipa deni ambalo hawakujua lilivyoingia nyumbani. Watu huniuliza, "Mchungaji, kuna ubaya gani? Sijaiba." Mimi hujibu hivi: fedha ya mshindi imetoka wapi? Imetoka kwa wengi walioshindwa, na mwenye mchezo amechukua fungu lake kwanza. Ili wewe ufurahi leo, lazima nyumba nyingi zilie. Mkulima akiuza maembe, yeye apata fedha na mnunuzi apata maembe. Wote wawili wameongezewa. Katika kamari hakuna aliyeongezewa ila kwa hasara ya mwingine, na mtu huyo hutamwona uso wake kamwe. Hapo ndipo shetani hupenda tusimame, mahali tusipomwona jirani.

Upatu wa udanganyifu nao ni hivyo hivyo. Kenya, miaka ya 2006 na 2007, watu wengi walipoteza akiba zao katika michezo ya namna hiyo. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, mwaka 2009 serikali iliufunga mchezo ulioitwa DECI, ambao wahubiri walikuwa miongoni mwa viongozi wake. Watu waliambiwa wapande mbegu ili wavune. Maneno hayo ni ya kanisani, na kwa ajili yake wengi waliamini. Lakini mavuno yale hayakutoka ardhini. Waliotangulia walilipwa kwa fedha ya waliofuata. Yaani ulichovuna wewe kilikuwa ni karo ya mtoto wa yule aliyeingia baada yako. Basi mtu akija kwako na Biblia mkononi akakuahidi faida kubwa bila kazi, muulize swali hili moja: nani atakayelipa?

Kabla sijaendelea kuwanyoshea wengine kidole, sina budi kujinyoshea mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa nililokuwa nikilitumikia, tulifanya harambee ya mabati. Akaja mgeni kutoka mjini na bahasha nene. Nikamketisha mbele, nikamtangaza mara tatu, nikamsindikiza mpaka kwenye gari lake. Siku ile ile mama mmoja mjane alileta kuku wawili, akaninong'oneza kwamba hao ndio aliokuwa nao. Nilimwambia awaweke kule nyuma. Jumapili iliyofuata aliningoja nje ya kanisa. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mchungaji mwanangu, wale kuku wangu walifika?"

Nilikuwa nimesoma chuo cha theolojia. Nilikuwa nimehubiri barua ya Yakobo sura ya 2, juu ya mtu mwenye pete ya dhahabu na maskini aliyeambiwa asimame kule. Nilikuwa nimehubiri juu ya mjane na sarafu zake mbili hekaluni. Na mjane aliposimama mbele yangu na kuku wake, sikumwona. Macho yangu yalikuwa kwenye bahasha. Nilimwomba msamaha pale pale, lakini swali lake bado linaniamsha usiku. Siku ile nilijifunza kwamba mtu aweza kuipenda fedha hata ile isiyo yake, hata ile ya kujengea nyumba ya Mungu.

Sasa, ndugu yangu, dawa ni nini? Sisemi kwamba dawa ni kuridhika na njaa. Mtu asikudanganye kwa maneno hayo. Mama aliyelaza watoto bila chakula hapendi fedha, anatafuta uhai wao, na Mungu yu pamoja naye. Manabii kama Amosi walisimama kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Kibarua akidai mshahara wake uliocheleweshwa hadai kwa tamaa, adai haki. Paulo aliposema juu ya kuridhika alitaja chakula na mavazi. Hakusema tukose hata hivyo. Wala hakuwaagiza matajiri watupe mali yao mtoni. Katika mstari wa 17 hadi wa 19 aliwataka wasijivune, wasiitumainie mali isiyodumu, bali wawe wepesi kutoa na kushirikiana na wengine.

Dawa yenyewe tutaiona kwa Abramu. Kwa nini yeye aliweza kumwachia Lutu bonde? Kwa sababu alikuwa na ahadi. Mungu alikuwa amemwambia kwamba atambariki na kumpa nchi. Mtu aliyeshikwa mkono na Mungu aweza kufungua mkono wake mwenyewe. Lutu hakuwa na kitu cha kushika isipokuwa bonde, kwa hiyo ilimbidi alishike lote. Ukiona unashika sana, usianze kwa kujilaumu. Anza kwa kujiuliza kama kweli waamini kwamba Baba yako wa mbinguni anakujua.

Na tazama mwisho wao. Lutu alisogeza hema zake mpaka Sodoma. Katika sura ya 14 alitekwa pamoja na mali yake yote. Na nani aliyekwenda kumwokoa? Ni Abramu, yule yule aliyenyimwa bonde. Alikusanya watu wake 318, akawafuata adui usiku. Mfalme wa Sodoma alipotaka kumpa nyara, Abramu alikataa hata uzi na gidamu ya kiatu. Baadaye, katika sura ya 19, Lutu aliondoka Sodoma akiwa ameacha kila kitu. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini naona rehema katika habari hii. Lutu alimsahau Abramu. Abramu hakumsahau Lutu. Hivyo ndivyo Bwana Yesu alivyotutendea sisi. Alikuwa tajiri, akawa maskini kwa ajili yetu, ingawa sisi tulikuwa tumekwisha kuchagua bonde na kwenda zetu.

Kabla hujalala leo usiku, jiulize maswali matatu. La kwanza: fedha niliyoipata leo, imemwacha mtu gani na hasara ambayo hakustahili? La pili: yuko nani ambaye nilikuwa nikimsalimu zamani, na sasa nampita kwa sababu hana kitu, au kwa sababu namdai, au kwa sababu nimesogeza ua wangu ndani ya haki yake? La tatu: kama Mungu angenitaka nirudi nyuma hatua mbili, ningejua ni wapi? Wengi wetu twapajua mahali hapo vizuri sana.

Ukisha kupata jibu, usingoje Jumapili. Nenda kwa mtu huyo. Mrudishie, au mlipe, au umwombe msamaha. Zakayo alipokutana na Yesu, hakutamka sala ndefu. Alitaja maskini, akataja na watu aliowanyang'anya, na jinsi atakavyowarudishia. Alianza kuwaona. Yesu akatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Jambo la mwisho. Lutu alipokwisha kuondoka, Mungu alimwambia Abramu naye ainue macho yake. Katika sura ile moja watu wawili wanainua macho. Wa kwanza aliinua mwenyewe, akaona maji. Wa pili aliambiwa na Mungu ainue, akaonyeshwa nchi pande zote nne, na watoto wasiohesabika. Kisha akaenda Hebroni, akamjengea Bwana madhabahu. Sura ile haitaji madhabahu yoyote ya Lutu.

Natuombe.

Ee Bwana Mungu, Baba wa wakulima na wa wafugaji, wa wenye maduka na wa wasio na kazi, wewe wajua haja zetu kabla hatujakuomba. Utupe chakula cha leo. Utusamehe kwa kuwa tumetazama mali, tukaacha kumtazama ndugu. Wakumbuke waliofiwa na wapenzi wao kwa ajili ya ardhi na maji, uwafariji. Uwape watawala wetu haki, na wazee wetu hekima. Na kila mmoja wetu aliyevuka mpaka wa jirani yake, umpe leo nguvu za kurudi. Twaomba haya kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu akubariki, ndugu msikilizaji, wewe na wote wa nyumbani mwako. Kwa heri.